Mkunga Aliyelamba Kuta

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mkunga alihama mara saba. Nimehesabu mara mbili. Yeye mwenyewe alisema ni sita, kwa sababu kile chumba cha karibu na machinjio alikaa siku nne tu, na kwa maoni yake siku nne si kupanga, ni kupumzika. Kila alipohama, watu watatu au wanne walifungasha na kumfuata. Kodi ya vyumba ikapanda mtaa aliouingia, ikashuka mtaa aliouacha, na wenye nyumba wakawa wanamwamkia barabarani kama vile yeye ndiye Bwana Shauri na wao hawajalipa kodi ya kichwa.

Miaka hiyohiyo, katika mji huohuo wa Singida, mimi pia nilikuwa nahamahama. Hakuna hata kuku aliyenifuata.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujibu jambo lisilomhusu muulizaji. Tulimwita Mkunga, basi. Alikuwa Mnyaturu, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu anayeelekea mahali anaposubiriwa, na kweli kila mara alikuwa anasubiriwa. Kikapuni mwake mlikuwa na kipande cha sabuni, wembe uliofungwa katika kitambaa cheupe, uzi, na kopo la ugoro. Ukimpa "shikamoo Bibi" mbele ya soko, "marahaba" yake ilikufikia akiwa amekwisha kukata kona.

Ieleweke mapema kwamba nilimwonea wivu. Sikumchukia, nilimwonea wivu tu, na wivu huo niliulea kwa miaka mingi kama mtu anavyofuga ng'ombe wa maziwa, asubuhi na jioni.

Vita ilikuwa imekwisha na askari walikuwa wamerudi na buti zao, fedha zao na hadithi zao za Burma. Kila mmoja alitaka chumba mjini, chini ya bati. Nyumbani kulikuwa na tembe ya baba, udongo juu na ndama ndani, lakini mtu aliyezoea kambi hakutaka tena kulala na ndama. Wenye viwanja wakajenga haraka: nyumba za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, choo kimoja mwisho wa ua. Udongo waliuchimba kandokando ya ziwa, kwa sababu ni karibu, ni laini, na punda hachoki.

Hapo ndipo Mkunga alipokuwa na ujuzi wake. Maziwa yetu yana chumvi. Ukuta uliojengwa kwa udongo wa ziwani unapendeza sana wakati wa kiangazi, umenyooka, mweupe kidogo, kama umepakwa chokaa. Mvua zikianza unatoa jasho. Mwezi wa pili wa mvua unamenyuka. Watu wa kuja, hasa sisi tuliotoka kwenye udongo mwekundu wa Iramba, hatukulijua hilo. Tulipima ukubwa wa chumba, tukatazama bati, tukapigapiga mlango, tukatoa fedha.

Mkunga alikuwa akiingia, anapiga hodi hata kama chumba ni kitupu, anakwenda nyuma ya mlango mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, anainama, na kulamba ukuta. Mwenye nyumba amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtoto wa shule anayengoja daftari lirudishwe. Mkunga anatema mate uani. Halafu anasema neno moja kati ya mawili: "Udongo," au "Chumvi." Akisema udongo, mwenye nyumba anaita watu wamletee kiti. Akisema chumvi, habari zinafika sokoni kabla yake.

Baada ya ukuta alikaa chini, katikati ya chumba, miguu ameinyoosha, kimya. Alisikiliza. Nani anakohoa upande wa pili, nani anagombana, bati linalia vipi jua likilipiga. Kisha akatoka uani akawauliza wanawake, si mwenye nyumba, maana, alisema, hakuna mtu duniani anayeuliza habari za ng'ombe kwa anayemuuza.

"Maji mnachota wapi?"

"Kisima cha kule chini, Bibi."

"Ya kunywa au ya kufulia?"

Wanawake wakicheka, alijua ni ya kufulia.

Nilijaribu kumwonyesha kwamba mimi nami nina macho. Siku moja tulikutana kwenye nyumba ileile, kila mtu na haja yake, nikamwambia, "Bibi, nimehesabu. Nyumba hii ina watu kumi na tisa kwa choo kimoja. Nimerudia, ni kumi na tisa."

"Umehesabu vizuri," akasema. "Na anayekifagia ni nani?"

Sikuwa nimeuliza.

"Basi una namba, huna choo."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na ubaya wake ni kwamba watu waliyabeba. Nilikwenda hadi Mkiwa, njiapanda, kununua ngozi, na mchoma mahindi akaniambia mimi, "Unajua, una namba, huna choo." Nilimlipa mahindi yake nikaondoka.

Sasa nieleze haja yangu, kwa sababu bila hiyo nitaonekana mtu mdogo wa roho bure. Nilikuwa mnunuzi wa ngozi. Nilizunguka vijijini, nikanunua, nikazikausha kivulini juu ya fremu kama serikali ilivyotaka, nikawauzia Wahindi wenye maduka. Wakati mwingine nilifika Itigi kununua asali na nta. Kazi yangu ilikuwa mjini, lakini mke wangu alikuwa Iguguno kwa mama yake. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na baada ya ile ya pili alisema hahami kwenda kulala mahali asipopajua. Baba mkwe, mzee mkimya, alivumilia miaka miwili. Mwaka wa tatu aliniita akanisemesha maneno machache.

"Binti yangu hakuolewa na barabara," alisema. "Mtama huu ukivunwa sijaona mahali anapolala, njoo na kamba uchukue ng'ombe wako."

Ng'ombe wa mahari walikuwa kumi na wawili. Lakini sikuwa nahesabu ng'ombe, na hiyo ni mara moja katika maisha yangu. Nilimtaka mke wangu.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa ngozi hana haja ya kujitambulisha. Nilioga, nikavaa kanzu safi ya kuazima, na bado mazungumzo yalikuwa ni haya:

"Unafanya kazi gani, bwana?"

"Biashara."

"Ya nini?"

"Asali, mzee. Natoa Itigi."

Mwenye nyumba ananusa hewa, kwa adabu. "Na hao nyuki wako, walikufa lini?"

Nilifukuzwa hivyo katika nyumba tano. Mkunga, ambaye kikapu chake kilikuwa kimepita kila nyumba ya mji, Waislamu kwa Wakristo, hadi nyuma ya maduka ya Wahindi ambako wake zao walimletea vitamu katika sahani zenye maua, yeye alikuwa akiwekewa vyumba. Kuwekewa! Nilijua nyumba moja ambayo chumba kilikaa kitupu miezi miwili kwa sababu "labda Mkunga atahitaji." Nikamuuliza mwenye nyumba ile kama labda mimi sihitaji. Akanitazama kwa huruma.

Mwishowe nikapata chumba changu mwenyewe, bila msaada wa mtu, upande wa ziwa. Mwenye nyumba alitaka shilingi sita; nikamteremsha hadi nne na senti hamsini, kazi ya siku mbili, kwa kumwonyesha kasoro zote za nyumba yake. Zote isipokuwa moja. Nilikuwa nimesimama nje nikifurahia ushindi wangu Mkunga alipopita. Hakuna aliyemwita. Akasogea ukutani, akainama, akalamba, akatema.

"Chumvi."

"Sikusudii kuula, Bibi," nikasema.

"Utakula tu," akajibu, akaenda zake.

Nilikwenda Iguguno nikamleta mke wangu. Alikuja kwa shingo upande, lakini alikuja. Alikaa siku tisa. Yeye husema nane, kwa sababu siku ya kwanza tulifika jua likizama na anadai haikuwa siku. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tisa, mchana, yeye akiwa uani akipepeta na mimi nikigeuza ngozi, tukasikia kitu kama mtu mnene anayeketi. Ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umelala juu ya kitanda chetu, wote, taratibu, kama mgeni aliyechoka.

Mke wangu aliutazama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Tungekuwa tumepumzika," akakusanya nguo zake, na kesho yake alipanda lori la kurudi kwao. Kwa kupitia dereva wa lori hilohilo baba mkwe akanitumia salamu kwamba mtama umeanza kuinama.

Nilirudi kwa mwenye nyumba kudai kodi yangu. Akasema amenikodisha chumba, hakunikodisha ukuta. Siku ile nilimtafuta mtu wa kumlaumu na kila nilipogeuka nilimwona Mkunga, ambaye kosa lake lilikuwa kusema kweli kwa neno moja badala ya mawili.

Ni haki niseme pia kwamba naye alikuwa na makosa. Alimchagulia mwalimu mmoja chumba kizuri mno, ukuta udongo, maji matamu, choo kinafagiliwa. Chumba cha pili yake alikuwa amepanga askari aliyerudi vitani na tarumbeta, na tarumbeta hilo lilipigwa kila alfajiri kama vile mji mzima uko kambini. Mwalimu alipokwenda kulalamika, Mkunga alisema, "Mimi nilichagua ukuta. Tarumbeta amekuja nalo mtu." Mwalimu akaomba radhi! Nilikuwepo. Mwalimu ndiye aliyeomba radhi.

Na alikuwa na mambo yasiyolingana. Alimkaripia mama yeyote asiyeosha mikono, kisha yeye akavuta ugoro na kupiga chafya juu ya kila kitu. Aliwaambia wazazi wapya walale, yeye sikumwona amelala. Alikataa kulipwa fedha kwa kuzalisha. Alisema mtoto hauzwi. Lakini kuku alipokea, na kuku hao aliwauza sokoni kwa bei ambayo mimi, ninayejua bei, nilisimama pembeni kujifunza. Siku za maulidi alikula kwa Waislamu, Krismasi akala kwetu, na alipoulizwa yuko upande gani alisema upande wa jikoni. Mtoto wake mwenyewe hakuwa naye. Hilo halikusemwa mbele yake na yeye hakulisema.

Basi, nirudi kwenye chumba cha pembeni.

Kilikuwa katika nyumba ya mzee mmoja wa kofia nyeupe, juu ya barabara inayotoka boma kwenda sokoni. Chumba cha mbele, cha pembeni, upande wa mashariki. Kilikuwa na baraza lake lenyewe. Kilikuwa na dirisha la vioo, na vioo katika mtaa ule vilikuwa ni hapo na kwa Mhindi tu. Mtu akikaa kwenye baraza lile kila ngozi inayoingia mjini inampita mguuni. Nilijiona nimekaa pale, mke wangu nyuma yangu akipika, na baba mkwe akija kutembea na kuikuta kahawa tayari. Ukuta niliulamba. Ndiyo, nililamba, alfajiri, hakuna mtu. Udongo.

Nilijadiliana na yule mzee wiki tatu. Nilikwenda kila baada ya sala ya alasiri. Nilimshusha, akapanda, nikamshusha. Nilikuwa nimebakiza senti hamsini. Ijumaa moja nikaamua kumwachia zile senti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nipate akili. Nikafika na fedha mkononi.

Mkeka wa Mkunga ulikuwa umetandikwa barazani.

"Mzee," nikasema, "tulikuwa tunazungumza."

"Tulikuwa tunazungumza," akakubali.

"Wiki tatu!"

"Binti yangu alijifungua mapacha katika mikono ya huyu mama, na wote watatu wanaishi. Wewe katika wiki tatu umenifungulia nini?"

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mkunga, bila mwili: "Mpe cha pili. Hicho cha ndani. Kwa bei aliyokuwa anaitaka."

"Sijaomba cha ndani," nikasema kuelekea mlangoni.

"Ukuta ni udongo. Kamlete mkeo."

Hivyo ndivyo nilivyopata chumba: cha ndani, cha giza kidogo, bila baraza, kwa ruhusa ya Mkunga. Ningekuwa na mahali pengine pa kwenda ningekwenda. Mtama ulikuwa umeiva.

Nilifika Iguguno nikaketi mbele ya mke wangu na mkwe. Nikasema nimepata chumba. Mke wangu hakuinua kichwa. Nikasema kina bati, hakuinua. Nikaeleza bei, nikaeleza nilivyoipata, nikaona mkwe anapiga miayo. Mwishowe nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa maneno, "Na yule Mkunga amepanga ukuta wa pili."

Mke wangu akasimama akaanza kufunga mizigo.

Kuanzia hapo niliishi na wivu wangu ukuta kwa ukuta. Nikirudi kutoka vijijini, mke wangu hayupo chumbani; yuko kwa Mkunga wakichambua mboga. Nikisema chumvi imezidi, naambiwa Mkunga amesema isipunguzwe. Nikitaka tuhamishe kitanda, Mkunga ameshasema kikae kichwa kikielekea ukumbini. Siku moja nilikaa kutwa nimelala na homa, nikahesabu: mke wangu alicheka mara kumi na moja upande wa pili wa ukuta. Kwetu alicheka mara mbili, na moja ilikuwa ni paka alipoteleza. Na Mkunga, aliyekaa kwenye baraza langu, mbele ya dirisha langu la vioo, ngozi zote za mji zikimpita, hakununua hata moja. Alikaa pale kajifunika shuka mbili akikohoa, akiwatazama watu. Niliona ni uharibifu. Nilimwambia mke wangu, "Tazama, amekalia dhahabu anavuta ugoro." Akasema, "Mwache Bibi."

Mke wangu alikuwa ana mimba, na ilipofika mwezi wa tisa Mkunga alinifukuza. "Nenda Mkiwa ukanunue ngozi," alisema.

"Ninazo za kutosha."

"Nenda ukanunue zingine mbaya."

Nilikwenda. Nilinunua mbaya. Niliporudi mtoto alikuwa na siku mbili, mzima, mzito, ananyonya kama mdai. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta ule wa kati, amechoka, anang'aa. Nilitaka kusema jambo la maana nikaishia kumhesabu mtoto vidole. Mkunga alikuwa anakunja vitambaa.

"Kumi?" akauliza.

"Kumi."

"Na vya miguu?"

Nikarudia, kumi tena. Nilitamani kumshukuru, na nilimshukuru, kwa kuku wawili. Lakini mke wangu alipomtazama yule mama kwa macho yale, nilijua kwamba mimi, hata ningemjengea ghorofa, sitatazamwa hivyo. Tulimwita mtoto Elia, jina la baba yangu. Mkunga alikuwa amelikubali kwanza.

Alikaa nasi hadi wa pili alipoanza kutembea. Halafu siku moja mkeka haukuwepo. Alikuwa amepanda lori kwenda Itigi. Reli, alisema, inaleta wanawake wasio na mama karibu. Mimi hakuniaga. Mke wangu alimuaga siku tatu kabla, na katika siku hizo tatu hakuniambia.

Unaweza kukisia nilifanya nini. Kabla vumbi la lori halijatua nilikuwa kwa mzee wa kofia nyeupe, na chumba cha pembeni nikakichukua bila kubishana. Nikahamisha kitanda. Nikakaa barazani. Ilikuwa mwanzo wa kipupwe.

Upepo wa Singida unatoka mashariki, na ukianza hauna adabu. Uliingia kwa baraza, ukaingia kwa dirisha la vioo, ukaingia mahali ambapo bati na ukuta havikukutana. Asubuhi ya kwanza vumbi lilikuwa ndani ya chai. Wiki ya pili Elia alikohoa, na mdogo wake akafuatia. Mke wangu hakugombana. Alibeba watoto na mkeka akarudi chumba cha ndani, ambacho kodi yake ilikuwa bado haijaisha, akaniacha na vioo vyangu.

"Huyu mama alikaaje humu miaka yote?" nikamuuliza siku ya tatu ya upweke wangu, nimejifunika shuka mbili.

Mke wangu alinitazama kama mtu anayeamua jambo. "Baba Elia, kumbe hukujua?"

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akichukue."

Akanieleza akiwa anamenya viazi, bila haraka. Baada ya ukuta kuanguka, mimi nikiwa Itigi kwa asali, alikuja mjini kwa lori, peke yake, akamtafuta Mkunga. Alikuwa tayari ana mimba ya mwezi mmoja, na hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake. Akamwambia ameogopa. Alitaka kuja kwangu lakini alitaka kulala mahali ambapo akigonga ukuta Mkunga anasikia. Mkunga akazunguka mji. Nyumba ya mzee ilifaa, chumba cha ndani kilifaa. Cha pembeni alikikagua pia. Ukuta mzuri, alisema, lakini mtoto mchanga hatatoka salama katika upepo ule.

"Na akasema mume wako atakitaka hichohicho, kwa sababu ya baraza. Na akikipata hatakiacha."

"Mngeniambia!"

"Ungeenda kumwomba mzee apunguze kodi kwa sababu ya upepo," mke wangu akasema. "Mwezi mzima. Mzee angechoka, angewapa wengine vyumba vyote viwili."

Nililifikiria hilo. Nililifikiria mara mbili. Ilikuwa kweli, hata kiasi ambacho ningeomba nilikuwa nacho kichwani tayari. Lakini jambo lililonichoma halikuwa upepo ambao yule mama alijibebea. Kilichonichoma ni kwamba mke wangu alikuwa na siri, na miaka yote hiyo aliitunza na mtu ambaye si mimi.

Nilimwona Mkunga kwa mara nyingine miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimejenga, nyumba ya vyumba vinne, udongo umebebwa kutoka mbali hadi wabebaji wakadhani nina wazimu. Habari zilifika kwamba Mkunga amezeeka, macho hayaoni sindano, na huko Itigi mwenye nyumba anataka chumba chake afanye duka. Mke wangu hakuniuliza maoni. Alinifungia chakula cha njiani akasema, "Usirudi bila yeye."

Chumba chake kilikuwa hatua ishirini kutoka reli. Nilipiga hodi. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, na garimoshi la mizigo lilipopita kila kitu chumbani kilitetemeka isipokuwa yeye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ni Bwana Ngozi. Nimekunusa ukiwa stesheni." Akagusa mkeka nikae. "Watoto?"

"Watano."

"Wote?"

"Wote wapo."

Akatikisa kichwa, akatafuta kopo lake. Nikamwambia nimekuja kumchukua, chumba kipo, kodi hakuna.

"Bure sikai. Anayekaa bure hawezi kulalamika."

"Basi shilingi moja kwa mwezi."

"Mbili."

"Bibi, mimi ndiye mwenye nyumba. Moja."

"Mbili, na bati likivuja unapanda siku hiyohiyo."

Nimepigania bei katika kila soko kati ya Iguguno na reli, na sijawahi kujikuta upande ule. Tukafika mbili.

"Mkeo analala wapi?" akauliza.

"Cha ndani, upande wa magharibi. Hakuna upepo."

"Vizuri. Na cha pili yake?"

"Watoto."

"Watoto wasisumbuliwe. Vingine?"

"Viwili vya mbele. Kimoja cha wageni, kimoja naweka ngozi. Wewe utachukua cha wageni, Bibi, ni kikubwa, nimepima..."

"Sina siku nyingi za kukaa mbali na watu. Nitalala na mkeo."

Nilidhani sikusikia vizuri, kwa sababu ya kelele za reli. "Bibi, mle ninalala mimi."

"Tangu lini?"

Nikahesabu, kwa ujinga wangu, nikamwambia miaka.

"Basi mmeshaongea vya kutosha," akasema. "Wewe una ngozi zako. Nishike mkono ninyanyuke."

Kwenye lori nilimlipia kiti cha mbele, karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya nta. Kufika Mkiwa alikuwa ameshajua mke wa dereva ana mimba ya miezi mingapi na wamepanga wapi, na dereva alikuwa anaendesha kama amebeba mayai.

Tuliingia Singida jua likiwa bado juu. Mke wangu alisikia lori, akatoka mbio, mikono ina unga. Sijawahi kumwona akikimbia namna ile tangu tuoane. Nilikuwa nimesharuka chini, nikafungua mikono.

Akanipita.

Walishikana pale mlangoni mwa lori, wakasema maneno ambayo sikuyasikia, na mmoja wao alikuwa analia na mwingine anamkaripia kwa kulia. Watoto wakazunguka. Nilisimama na mkeka, kikapu na fungu la nguo, vitu vitatu, nilihakikisha.

"Mizigo niipeleke wapi?" nikauliza.

"Chumbani," wakasema wote wawili, bila kugeuka.

Nikaingia, nikatandika mkeka wake, nikaweka kikapu karibu na kitanda upande ambao mke wangu hulala. Halafu nikachukua mto wangu.